Mwinshehe Alishazikwa

"Msimshushe. Hapa hana mtu."

"Bibi, barua inasema hapa ndo kwao."

"Barua haina ukoo."

Bibi Anastasia hakunyanyuka kwenye kigoda. Allen, afisa ustawi wa jamii, alisimama mbele yake na faili, viatu vimejaa udongo. Nyuma yake, kwenye gari, Mwinshehe alikuwa amekaa juu ya godoro lake. Ukoma ulishamla vidole. Ugonjwa wenyewe ulipona mwaka themanini na sita, ila alibaki kule kambini kwa wamisionari kwa sababu hakuna aliyekwenda kumchukua. Sasa kambi imefungwa. Hakuna wagonjwa, wamesema. Majengo yako juu mlimani, yana hewa nzuri, na mwekezaji anataka hoteli.

"Anastasia," mzee akaita kutoka garini. "Mimi kaka yako."

"Kaka yangu huyu hapa."

Akamwonyesha mwanamume aliyesimama mlangoni na panga. Mwanawe wa kumzaa.

"Walipokupeleka walisema hurudi. Tukazika mgomba badala yako, tukakaa matanga. Huyu alipozaliwa tukamrithisha jina. Shamba likafuata jina." Alisema bila hasira, kama anamwelekeza mgeni njia. "Na tangu barua ije, mtoto wake hanyonyi."

"Mpelekeni zahanati," Allen akasema.

"Tumempeleka. Wamesema hawaoni kitu."

Allen akaangalia saa. Gari linatakiwa mjini kabla ya saa kumi, na fomu inataka saini ya ndugu aliyempokea.

"Kaka, wewe jina lako kamili?" akamuuliza mwenye panga.

"Mwinshehe."

"Sawa. Saini hapa."

"Nikisaini inakuwaje?"

"Mimi naondoka. Mengine ya kwenu."

Mwanamume akamwangalia mama yake. Bibi Anastasia akamkazia macho yule mzee kwenye gari, muda mrefu.

"Saini," akasema. "Maiti ikirudi nyumbani, wenyewe ndo wanairudisha kaburini."

Mwanawe akachomeka panga ardhini, akasaini.

Vijana wawili wa pale nyumbani wakapanda kwenye gari. Hawakumgusa mzee. Walivuta godoro naye akiwa juu yake, wakalibeba kwa pembe zake nne mpaka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Ukungu ulishateremka hadi pale. Allen aliwafuata kwa sababu mzee alikuwa anamwita.

"Mwanangu, nirudishe. Nitalala barazani, sitaingia ndani."

"Geti limefungwa, mzee. Kuna mlinzi."

"Kwani hukusikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

Kijana mmoja alishaenda kuchukua jembe. Mwingine alikuwa anapima kwa hatua, taratibu, kutoka kwenye godoro mpaka kwenye mgomba wa mwisho, midomo ikihesabu.

"Kuna namba ya ofisi hapo kwenye barua," Allen akasema. "Jumatatu mpaka Ijumaa."

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari.