Sentensi Moja ya Bwana Kina

Mkalimani aliisikia sentensi ile. Baadaye alijaribu kila njia ya kulikwepa jambo hilo na hakuipata. Angekuwa hakuisikia, angesema masikio ya binadamu huchoka. Lakini aliisikia vizuri, akaielewa, akaiacha.

Ilikuwa siku ya tatu ya kikao cha Tume ya Pamoja ya Mto. Nchi mbili zilikuwa zimekaa pande mbili za meza moja ndefu: wa juu, wenye bwawa, na wa chini, ambao maji yakishatoka bwawani huwafikia wao. Ajenda ilikuwa tope. Kila mwaka bwawa hujaa tope, na wa juu hulazimika kufungua milango ya chini ili maji yalisukume nje. Tope hilo likishuka bila watu kujua, huziba mitambo ya maji ya miji yote iliyo mbele. Walikuwa wanakubaliana taarifa itolewe siku ngapi kabla ya milango kufunguliwa, na baada ya kuvutana sana walikuwa wametua kwenye siku saba.

Mkalimani alizaliwa juu, lakini mama yake alitoka chini, kwa hiyo lugha zote mbili zilikuwa za nyumbani kwao. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa mwisho wa meza ile akigeuza maneno ya huyu yawe ya yule. Watu walimsifu. Mtu akifoka, yeye alimtafsiri kwa staha; mtu akizungukazunguka, yeye alimfupisha. Mwenyekiti wa upande wa juu alizoea kumtania, "Dada, siku ukiacha kazi tutapigana hapa."

Aliyehitaji kufupishwa kuliko wote ni Bwana Kina. Alikuwa fundi mzee wa upande wa chini, amepima kina cha mto maisha yake yote, na jina la utani likamganda. Hata salamu yake ilikuwa na vipimo: ukimuuliza habari za asubuhi, atakueleza goti la kushoto limekakamaa kiasi gani kuliko jana.

Siku ile aliomba kusema wakati harufu ya chakula ilikuwa imeshaingia kutoka chumba cha pili. Akaanza na mke wake. Siku moja mkewe alitoka, akamwachia karatasi mezani: saa tano epua sufuria. Karatasi ikafunikwa na gazeti. Bwana Kina akakaa kwenye meza ileile, akasoma gazeti lilelile, tena mpaka matangazo ya vifo, hadi moshi ulipomjia. Alieleza sufuria ilikuwa na ukubwa gani, na ukoko uliobaki ulikuwa wa unene gani.

"Mke wangu aliandika," alimalizia, "na mimi nilikuwepo, na sufuria iliungua. Ombi letu ni hili: taarifa isihesabiwe kuwa imefika mpaka mtu wa kwetu apige simu kusema ameisoma. Siku saba zianzie hapo."

Mwenyekiti wa upande wa juu alikuwa anatazama saa yake. Mkalimani alimtazama mwenyekiti, akasema, "Bwana Kina anashukuru, na anaafiki siku saba."

Chumba kizima kilicheka, kwa jinsi hotuba ndefu vile ilivyogeuka kuwa kitu cha pumzi moja. Bwana Kina naye akacheka, akidhani sufuria yake imewafurahisha. Mwenyekiti akamtikisia kichwa kwa adabu, na mzee akakaa, akiamini ombi lake limepita.

Sentensi ile ilimrudia mkalimani akiwa ananawa mikono kabla ya kula. Alifikiri kumwambia katibu. Lakini katibu alikuwa kwenye foleni ya chakula akicheka na watu, na baada ya chakula wakuu wa pande zote mbili walitia saini, wakapigwa picha. Akajiambia atasema kesho. Kesho yake akajiambia hilo ni jambo la utekelezaji tu. Watu wazima hawawezi kukosa kupigiana simu. Wiki zilivyopita, kusema kukawa kuzito zaidi, maana sasa ingembidi aeleze pia kwa nini alinyamaza. Hatimaye akaacha kulifikiria, au alidhani ameacha.

Miezi minne baadaye, wa juu walituma taarifa kwa barua pepe, kama ilivyoandikwa. Ofisa wa chini aliyetakiwa kuisoma alikuwa amekwenda kumzika baba yake, na nyuma ya msiba zikafuatana siku mbili za mapumziko. Barua ilikaa bila kufunguliwa. Siku ya saba asubuhi milango ya bwawa ilifunguliwa.

Mkalimani alikuwa ofisini, anapitia tafsiri ya ripoti, mama yake mdogo alipompigia. Mama mdogo aliishi katika mji wa kwanza chini ya mpaka, na alikuwa na vizimba vinne vya samaki mtoni.

"Mwanangu, mto umekuja kama saruji iliyokorogwa," alisema. "Samaki wote wameelea. Wameachama, utadhani walitaka kusema kitu."

"Pole, mama mdogo. Pole sana."

"Si mimi peke yangu. Mabomba hayatoi. Hospitali wanabeba maji kwa madumu. Hivi nyie si mna mkataba? Si wewe uliyeniambia mmekubaliana?"

"Tulikubaliana."

"Sasa?"

Mkalimani akasema mtandao unasumbua, hamsikii vizuri, akakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote. Alibaki ameshika simu, na mwenzake wa meza ya pili alipomuuliza kuna nini, alisema ni mambo ya nyumbani.

Mji ule ulikaa siku kumi na moja bila maji ya bomba. Machujio yaliziba, pampu mbili zikaungua. Wa chini wakasema wamefanyiwa uadui. Wa juu wakatoa karatasi iliyosainiwa na kusema wamefuata kila neno. Ikaundwa kamati ya uchunguzi ya nchi zote mbili, ikapangiwa kukaa katika mji huohuo, kwenye ukumbi wa halmashauri. Mkalimani aliomba apelekwe mtu mwingine. Akaambiwa hakuna mwingine.

Huko ndiko alikojua kwamba Bwana Kina amesimamishwa kazi. Ofisi yake ilisema alitumwa kikaoni na jambo moja tu mkononi, la simu, na amerudi bila hilo jambo.

Wajumbe watatu waliokwenda naye waliitwa kwanza. Mmoja alisema mzee alipokuwa anaongea yeye alikuwa nje kwenye ujia, anaongea na simu. Wawili walisema walikuwa wanakusanya makaratasi yao. "Sufuria tunaikumbuka," alisema mmoja wao, akijikuna shingo. "Baada ya sufuria, mheshimiwa, kusema kweli…" Mkalimani alitafsiri hayo pia. Akaona wazi kwamba chumba kizima siku ile kilikuwa kimeshamchoka mzee yule, na aliyebaki na wajibu wa kumsikiliza ni yeye mmoja.

Kisha akaitwa Bwana Kina. Amenyoa ndevu, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Majibu yake yalikuwa mafupi, na ufupi huo ulimtisha mkalimani kuliko kitu kingine.

"Nilikwenda na nia ya kulisema," mzee alisema. "Nilidhani nimelisema. Lakini kama hakuna hata mmoja aliyelisikia, basi nilisahau. Ni umri."

Mkalimani akimtafsiri mtu husema "mimi," si "yeye." Ndiyo kanuni ya kazi. Kwa hiyo aliinua uso, akaiambia kamati kwa sauti yake mwenyewe, kwa lugha safi iliyonyooka, "Nilisahau. Ni umri." Makarani wakaandika.

Wakati wa mapumziko, mzee alimfuata pale kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Najua huwa nakuchosha na hadithi zangu. Lakini wewe ulikuwa karibu yangu kuliko wote. Nilisema, au sikusema?"

Alimtazama kwa macho ya mtu anayeuliza daktari.

"Mzee, siku nyingi zimepita," mkalimani akajibu.

"Kweli," Bwana Kina akasema taratibu. "Zimepita nyingi."

Alasiri alikwenda kwa mama mdogo. Vizimba vilikuwa vimetolewa mtoni, vimeegemezwa ukutani, nyavu zake zimekauka na tope. Mama mdogo hakulalamika. Alimtengea kiti, akamletea maji, akawa anampa habari za mtaa: nani ameoa, nani amehama. Ukutani pale nje aliweka ngazi, akaeleza, ili apandishe tangi juu, maana sasa haamini bomba tena.

"Na huyu jirani yetu Bwana Kina," akaongeza, "unamjua? Anatia huruma. Mkewe ananiambia siku hizi anaandika majina ya wajukuu kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kabati, ili asije akayasahau. Wanataka kumpeleka akapimwe kichwa."

Mkalimani aliweka glasi chini. Mama mdogo akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Kisha akasema, "Mama mdogo, mzee yule hana ugonjwa wowote," na hapo akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani mizito, alisoma muhtasari wa matokeo. Alisoma kwa lugha ya juu, anasimama baada ya kila aya ili itafsiriwe. Alipofika kwenye aya isemayo kuwa ombi la simu halikuwahi kutolewa kikaoni kwa sababu mjumbe alilisahau, akasimama. Mkalimani hakutafsiri.

"Alilitoa," akasema.

Mwenyekiti akainua macho. "Hayo ni maneno ya nani?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Bwana Kina alisema taarifa isihesabiwe mpaka ipigwe simu. Nilimsikia. Mimi ndiye ambaye sikuyafikisha maneno yake, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na alikuwa ameongea sana. Jana aliniuliza, nikamficha."

Upande wa juu walimkodolea macho. Upande wa chini walikuwa wanasubiri, hawajui kilichosemwa. Ukumbini hakukuwa na mkalimani mwingine, kwa hiyo ilimbidi ageuke na kukiri mara ya pili, sasa kwa lugha ya mama yake. Mara hii maneno yalitoka kwa shida, kwa kuwa ndiyo lugha aliyokuwa akimwombea mama yake radhi tangu utotoni.

Bwana Kina alisikiliza hadi mwisho. Aliomba ruhusa, akatoka nje.

Mkalimani alimfuata hadi kwenye ngazi za ukumbi. "Mzee," alianza.

"Miezi miwili," mzee akasema bila kugeuka. "Miezi miwili naamka na kujihesabia majina ya watu wangu. Mke wangu akinitazama, najua anatafuta nini." "La kikaoni naweza kulielewa. Niliwachosha. Lakini jana nilikuuliza, binti. Mimi na wewe tu, pale kwenye ndoo. Hilo silielewi."

Akashuka ngazi kwa goti lake lile, akashika njia ya kwao.

Mwenyekiti wa upande wa juu, yule wa utani, alimkuta mkalimani pale alipobaki. "Dada, umetuvua nguo," alisema kwa sauti ya chini, akapita. Kabla ya mwezi kwisha mkalimani aliondolewa kwenye orodha ya wakalimani wa tume. Hakukata rufaa. Alipata kazi ya kutafsiri vyeti vya kuzaliwa na vya shule katika ofisi ndogo ya wakili, kazi ambayo kila neno hukaa mahali pake na hakuna anayeangalia saa.

Mkataba ulifunguliwa upya. Wakaandika kama mzee alivyoomba: hakuna siku inayohesabiwa mpaka simu ipigwe. Tena wakasogea mbele zaidi. Wakasema simu hiyo isipigwe baina ya ofisi za wakubwa, bali baina ya mlinzi wa milango ya bwawa na mwendesha pampu wa mji, watu wawili ambao kila mmoja haijui lugha ya mwenzake. Ilibidi watungiwe sentensi chache za kusomeana. Bwana Kina alirudishiwa kazi kwa barua ya kuombwa radhi, akaikataa. Lakini sentensi alikubali kuzitunga. Alipoulizwa nani amtafsirie, alisema, "Mleteni yuleyule."

Walifanya kazi siku mbili kwenye kibanda cha pampu, mezani kwa mwendesha pampu, kwa kelele za mashine. Mzee alisoma sentensi moja kwa lugha yake. Mkalimani akaiandika kwa lugha ya juu. Kisha mzee akamtaka amrudishie kwa lugha ya chini alichokiandika.

"Tope linaanza kushuka saa kumi na mbili asubuhi," alisema mkalimani.

"Nilisema linaanza kushuka saa kumi na mbili asubuhi kutoka bwawani. Kutufikia ni jambo jingine. Tena. Yote."

Akarudia yote. Hakujitetea, na mzee hakumzungumzisha kitu kingine. Siku ya pili, walipomaliza, mzee alikusanya karatasi, akamkabidhi mwendesha pampu, akamwambia mkalimani kwamba gari la mpakani huondoka saa nane.

Msimu uliofuata, mama mdogo alimpigia kumweleza mambo yake: ameweka vizimba viwili, kwa kuanzia. Katikati ya hayo akamwambia tope limeshuka tangu juzi, lakini mji ulijua mapema. Pampu zilizimwa, kila mtu akajaza madumu na matangi, na leo, siku ya tatu, maji yamerudi.

"Simu ilipigwa?" mkalimani akauliza.

"Ilipigwa. Yule wa pampu anatamba nayo mtaa mzima, eti siku hizi anajua lugha."

Mkalimani alicheka kidogo. Kisha akauliza, "Na Bwana Kina?"

"Yupo. Anapita hapa karibu kila jioni. Tunaongea mengi. Wewe hakutaji."

"Hata kwa ubaya?"

Mama mdogo alifikiri. "Hata kwa ubaya, mwanangu. Hakutaji tu."