Makaa ya Mama Winny

Asubuhi na mapema baada ya moto, Wekulo aliyakuta makaa nyuma ya ukuta uliopakana na kibanda cha Mama Winny, mahali ambapo moto haukufika wala maji ya majirani. Yalikuwa yameanikwa juu ya kipande cha bati, moja moja. Aliokota moja akalifinya. Lilikuwa bado na unyevu. Kila jioni, akimaliza kukaanga samaki, Mama Winny huyamwagia makaa maji, akayaanika hapo ili ayawashe tena kesho yake. Jiko, basi, lilikuwa limezimwa. Wekulo alitazama huku na huku, akapanda tingatinga lake, akayazoa makaa na bati lake pamoja na kifusi, akayamwaga ndani ya lori.

Ukweli aliujua tangu jana yake. Tingatinga hilo la kupanua barabara ya Jericho lina kichujio kwenye bomba la moshi, cha kunasa masizi yasiingie mapafuni mwa watu. Kikijaa, taa huwaka, na dereva hutakiwa kuegesha mahali peupe, mbali na chochote kishikacho moto, aache injini ingurume mpaka masizi yaungue humo ndani. Wakati huo bomba hupumua joto la tanuri. Kazi hiyo hula nusu saa nzima, na Ngigi, msimamizi wao, hapendi kabisa kuona mashine imesimama. Wiki nzima, kila taa ilipowaka, Wekulo alibonyeza kitufe cha kuahirisha.

Jumamosi jioni mashine ilianza kuishiwa nguvu, na hapakuwa tena na ujanja. Uwanja wa wazi ulikuwa kule chini, karibu na soko. Uvivu ukamshika. Aliegesha kando ya kibanda cha Mama Winny, ambaye alikuwa amekwisha kufunga na kwenda zake, bomba likitazama turubai. Akawasha usafishaji, akaenda kunawa mferejini.

Aliporudi, turubai lilikuwa linawaka. Jambo la kwanza alilofanya ni kuisogeza mashine mbali. Ndipo akapiga kelele, "Moto!"

Jiko la makaa na mafuta ya samaki, nani angeuliza zaidi? Wekulo alibeba maji kuliko wote, na Mama Winny akamshukuru mbele za watu. "Mungu akubariki, mwanangu."

Siku za mwanzo mama huyo alibishana na mtaa mzima. "Mimi nilizima!" Wekulo alikuwa akimsikia, akainama na kujitia anakagua oili. Baadaye alimnunulia turubai jipya, akajiona amelipa.

Jumamosi nyingine Phares, kijana wa Mama Winny anayeishi mtaa wa Tena, alimwomba Wekulo awasaidie kubeba kitanda. Pikapu ilikuwa mlangoni. Ndani ya chumba cha kanjo, cha kupangishwa na baraza la jiji, alimozalia watoto wake wote, Mama Winny alikuwa ameketi juu ya sanduku. Godoro lilikuwa limefungwa kwa kamba, limeviringishwa ndani ya turubai jipya.

"Mathe anarudi ushago, nyumbani kijijini," Phares alisema, si kwa ukali. "Anasahau sana siku hizi. Leo jiko, kesho gesi, achome nyumba za watu. Huko Aunty Norah atakuwa anamwangalia."

Wekulo alimngoja mama abishe. Hakubisha.

"Nilikataa mwanzo, Wekulo, ulinisikia," alisema. "Lakini nimefikiria sana. Sasa hata naliona lile jiko vile nililiacha, jekundu kabisa. Naliona na haya macho." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Akili imezeeka. Afadhali niende kabla sijaua mtu."

Wekulo alikiweka chini kitanda alichokuwa ameanza kukiinua. Alikuwa akidhani amemchomea kibanda tu. Alimkumbuka Ngigi, akakumbuka jinsi alivyohangaika kuipata kazi ile, na watoto wake wanaoitegemea. Aliona haya hata kuwakumbuka.

"Mama, ulizima," alisema.

"Wacha kumpea moyo, buda," Phares alisema. "Tushamaliza hiyo maneno."

Lakini Mama Winny alikuwa ameinua uso. "Kama nilizima, niliyaanika wapi?"

"Nyuma ya ukuta. Juu ya bati."

Mama alimtazama machoni.

"Mimi nilienda kuangalia. Hiyo asubuhi, kabla hata ya kwenda kanisa, nilienda nyuma ya ukuta kutafuta makaa yangu. Hakukuwa na makaa. Hakukuwa na bati. Ndiyo nikaanza kuamini watu."

Wekulo hakulijua hilo.

"Sasa yalienda wapi?" Phares aliuliza, polepole, akimtazama yeye.

Wekulo alivua kofia yake ya kazi, akaishika kwa mikono miwili, akitafuta pa kuanzia. Nyuma yake, Mama Winny alikuwa ameshainuka na kuanza kuifungua kamba ya godoro.