Mkono wa Kaviha

Obeid alisimama pekupeku katikati ya ghala la mbata, kitambaa cheusi kimefungwa machoni, na wanaume kumi na wawili wenye fimbo wakamzunguka. Wa kwanza alipovurumisha pigo, Obeid hakuruka wala hakuinama. Alivuta pumzi, akageuza bega kidogo tu. Fimbo ikakata hewa na mwenye fimbo akaifuata hadi sakafuni. Mbwana, aliyekuwa ameletwa pale mtaa wa Shika Adabu kwa mara ya kwanza, alijiona kama mtu aliyeishi miaka mingi katika chumba chenye giza bila kujua kuwa kina dirisha.

Alikuwa kuli wa bandarini, mwenye nguvu na hasira za karibu. Aliyemleta ni Kaviha, Mgiriama wa Mtopanga, rafiki yake wa kazi; mizigo mizito waliibeba pamoja, huyu mbele, huyu nyuma. Ilisemekana kuwa Obeid alipigana vita vya Burma, kisha akabaki miaka mitatu kwa watawa wa milimani waliomfundisha siri ya pumzi.

"Hasira ni mgeni," Obeid aliwaambia kwa sauti yake ya taratibu. "Msimpe kiti. Mkono uliotulia hauna dhambi, maana hauna mwenyewe."

Mbwana hakuielewa vizuri kauli hiyo, na kwa kuwa hakuielewa, aliiheshimu zaidi.

Baada ya mafunzo walipakia magunia ya mbata kwenye lori. Mengine yalikuwa mazito kupita kiasi, na siku moja gunia lilipopasuka, ncha ya pembe ya ndovu ilichomoza. Kaviha alimtazama Mbwana. Mbwana akalishona gunia. Mwaka wa pili ulipoingia, Kaviha akaacha kuja.

Mwaka uliotangulia uhuru, Obeid alimwita Mbwana faraghani, akamshika mabega yote mawili.

"Kaviha ametuuza kwa polisi," alisema. "Yeye ndiye aliyekuleta kwangu, najua. Ndiyo maana nakutuma wewe. Uvunje mkono wake wa kulia. Usimvunje kwa chuki. Mvunje kama mtu anayefunga mlango."

"Una hakika, Maalim?"

"Maji hayaulizi yanakokwenda, mwanangu."

Kesho yake adhuhuri Mbwana alimkuta Kaviha Changamwe, nyuma ya mabehewa ya reli, akila muhogo. Kaviha alitabasamu, akasogea kumpa nafasi ya kukaa. Alipouona uso wa mwenzake, muhogo ukamdondoka.

Alipigana vizuri, maana naye alifunzwa. Alimpiga Mbwana kifuani, akamsukuma mpaka mgongo ukagonga behewa. Lakini Mbwana alivuta pumzi, akageuza bega, akaudaka mkono, akauweka juu ya goti lake. Mfupa ulilia kama kuni kavu.

Kaviha alianguka, jasho likimtiririka. "Maalim kakwambia nimekwenda polisi?"

"Hukwenda?"

"Juzi nilimwona akishuka kwenye gari la inspekta, Kisauni. Tulitazamana, Mbwana. Anajua kuwa nimemjua."

Mbwana alimwita mchukuzi mmoja amsaidie Kaviha, akaondoka bila kugeuka. Ndani ya basi alijiambia tena na tena kuwa mtu aliyeumia husema lolote. Alijiambia hivyo kuvuka kisiwa kizima, mpaka daraja la Nyali, mpaka mlangoni kwa Obeid.

Obeid alikuwa akifunga sanduku la safari.

"Wenzako kumi wako kituo cha polisi sasa hivi," alisema kabla hajaulizwa. "Wewe nilikupeleka Changamwe. Hukukamatwa. Hujaniambia ahsante."

"Kaviha hakutuuza."

"Ningefungwa, Mbwana. Miaka saba, kwa umri huu. Walitaka majina, nikawapa majina. Kaviha aliniona; angewaonya wenzako kabla sijaondoka."

"Na watawa wa Burma?"

Obeid akakaa kitandani. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Nililala hospitali ya jeshi miezi saba, na homa. Jirani yangu wa kitanda alikuwa na maneno mazuri. Mapigano nilifunzwa na mabaharia." Akanyanyua uso, na ile sauti ya taratibu ikamrudia. "Lakini jiulize, ni nani hasa aliyesalitiwa? Mbwana ni nani?"

Mbwana aliinua ngumi. Aliingojea pumzi ije, ule utulivu uje, haukuja. Akaishusha ngumi, akatoka, akauacha mlango wazi.

Asubuhi alikwenda Mtopanga. Kahaso, mamake Kaviha, alimpokea uani kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Mwenzio kaangushwa na mzigo huko kazini, tazama alivyovimba! Mwunga mifupa ndiyo kwanza amefika, na hapa hakuna mwanamume wa kumshika."

Kaviha alikuwa amelala mkekani, mkono umevimba mpaka vidole havikunjiki. Mwunga mifupa, bibi mfupi aitwaye Nyevu, alikuwa akipaka mafuta viganja vyake.

"Mama," Mbwana alianza, "si mzigo..."

"Mzigo," alisema Kaviha. "Nimeshamweleza mama. Ulikuwa mzigo."

"Maneno baadaye," Nyevu akakata. "Wewe, pita nyuma yake. Mkumbatie kifua, kwa nguvu. Akiruka, mfupa utaunga vibaya."

Mbwana alipiga magoti, akamkumbatia. Aliuhisi moyo wa Kaviha ukigonga kwenye kiganja chake.

"Ulipouvunja," Kaviha alinong'ona bila kugeuka, "ulihisi nini?"

Mbwana alikaza mikono kifuani mwake. "Sikuhisi kitu."

Kaviha alitikisa kichwa polepole. Nyevu akaushika mkono, akauvuta. Kaviha alipiga ukelele, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukaruka nyuma, ukalishika shati la Mbwana shingoni, ukalikaza, ukazidi kulikaza, na Mbwana hakusogea.