Mgomba Ninaoufagia

Mkeka nimeutandika pale pale ninapoutandika kila siku baada ya chakula, kati ya kaburi la mzee na mgomba uliomea kichwani pake, fagio liko ubavuni mwangu, jua limesimama juu ya kibanja, shamba letu la migomba, na mimi ninajinyoosha kidogo tu, niondoe uchovu wa mgongo. Mzee Kaijage, mume wangu, ana mwaka na miezi miwili humo chini. Tangu tumlaze sijaruhusu jani likae juu yake, ninafagia asubuhi, ninafagia jioni, majani makavu ninayachoma kule ng'ambo ya njia, na ndizi za mgomba huu sizikati wala sizili, maana nimejiapiza kwamba ni zake. Editha, mke wa mwanangu, ananiambia mama, mgomba wa baba unakufa. Ninamwambia akafue nguo zake. Lakini ninaona. Majani yamegeuka manjano pembeni, chipukizi hakuna hata moja, mkungu umekonda kama vidole vya mgonjwa, na huu ukianguka sitakuwa na mtu wa kukaa naye mchana. Hilo ndilo ninaloliwaza kope zinapokuwa nzito, nikiutazama upande wa chini wa jani, na jani linafunguka.

Halipasuki kwa upepo, linafunguka kama nyumba inavyofunguliwa, vilango vidogo vidogo visivyo na idadi, nami ninapita kimojawapo bila kuinama, na mkononi nina kigae cha chungu cha mama yangu, kile tulichotumwa nacho utotoni kwenda kuomba moto kwa jirani. Ninajua nimekuja kuomba nini. Joto la mzee. Miguu yangu ni ya baridi tangu usichana, na yake ilikuwa kama mawe ya jikoni, miaka arobaini na sita niliichomeka katikati ya yake, naye akinung'unika, Koku, umetoka mtoni wewe, wala hata siku moja hakuivuta. Ndani ya jani ni mji, na mji ni kama kwetu, mlango kama wetu, mafiga matatu, chungu, kata imetundikwa upande ule ule, ila vyote ni kijani na nyumba inayofuata ni hiyo hiyo, na inayofuata hiyo hiyo, na hakuna moshi. Ninamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la nne, alisema jani hula hewa ya ukaa na kujipikia chakula kwa jua, nasi tulicheka, jiko gani lisilo na moshi. Basi ndilo hili. Wapishi wake hawana nyuso, ni laini kama yai lililomenywa. Kila mmoja ananyoosha mkono mlangoni, anadaka katika upepo punje nyeusi, ndogo kama sizi la sufuria, anaifunga kwa uzi mwekundu wa jua, anaifinyanga, na inakuwa tamu, ninaijua kwa harufu. Ninamsogelea mmoja, ninamwambia jirani, nimekuja kuomba moto. Ananiwekea kaa moja, kigae kizima kinang'aa hadi vidole vyangu vinaonekana mifupa. Ninamuuliza mume wangu yuko wapi. Anasema, fuata cheusi bibi, usifuate chekundu.

Mimi ninafuata chekundu, maana ndicho nilichokijia. Barabara inashuka ndani ya shina, inazunguka, inaingia kwenye ndizi, kwenye ganda la ndizi, kwenye kinywa cha ng'ombe, na kila inapoishia ni mji ule ule, mlango ule ule, mafiga yale yale, ila rangi imezidi kuwa ya udongo. Ninatembea peke yangu. Watu ni wengi lakini hakuna anayeniuliza nimetoka wapi, nami nina hamu ya kuulizwa. Katika mji wa ng'ombe ninatazama kigae, kaa limebaki kama harage. Ninauliza nani amenipunguzia. Wananijibu huku wanatafuna, ng'ombe ametembea, amepumua, amefukuza nzi, ulidhani alifukuza kwa moto wa nani? Katika mji wa samadi, chini ya ardhi, kwa minyoo na ukungu, kaa ni kama punje ya ulezi, na joto lake linapanda juu, linatoka, linakwenda zake angani. Ninalifunika kwa kiganja. Linazimika. Lakini punje nyeusi ninaziona, zinapita mkono kwa mkono, na ukubwa wake ni ule ule niliouona kule kwenye jani. Ninakaa chini ninalia, ninasema nirudishieni moto wangu, nimetoka mbali. Asiye na uso ananiambia, bibi, chekundu ni mgeni, hutoka juani, huingia, hula, huondoka, hajawahi kurudi kwa njia aliyojia. Cheusi ni mwenyeji, huhama chumba tu. Ninamuuliza basi mume wangu yuko chumba gani. Anasogea pembeni, na nyuma yake kuna mwingine asiye na uso, lakini miguu ninaijua, ukucha wa kidole gumba uliopasuliwa na jembe mwaka wa mvua nyingi.

Koku, anasema, leo asubuhi umenifagia.

Anasema nilikuwa nimefika kwenye jani, jani likaanguka ili niingie tena ndani, ukanizoa, ukanichoma ng'ambo ya njia, na sasa moshi wangu unanenepesha migomba ya Mushobozi, mchokozi wa mpaka, yule yule niliyegombana naye miaka tisa. Ninasema nilikuwa ninakuheshimu. Ninajua, anasema, umeniheshimu hadi nina njaa. Ninamwomba miguu yake. Ananipa. Ninaichomeka yangu katikati na haina joto wala baridi, ni kama kukanyaga udongo, na hapo ndipo ninapojua niko peke yangu kweli.

Joto lile usilitafute, ananiambia. Ulilimaliza wewe mwenyewe, miaka arobaini na sita. Hilo halirudi. Mimi ninarudi.

Anapumua, mimi ninavuta, na milango yote inafungwa.

Kuna jani kavu kifuani mwangu. Mkono unatafuta fagio, unaligusa, unaliacha. Jani ninaliweka kichwani pa mzee, taratibu, kama nilivyokuwa nikimfunika. Kwenye mkungu kuna ndizi moja iliyotangulia wenzake kuiva, ninaivunja, ninaila nikiwa nimesimama, na ni tamu, na ganda ninalilaza juu ya jani. Miguu yangu ina joto. Labda ni jua limehama. Juu yangu upande wa chini wa jani una vitundu vyake, na siwezi kusema kama nimevitoka au nimeviingia. Mtu amesimama kwenye mwanga, uso wake siuoni, ni mweupe mtupu, na sauti ni ya Editha. Mama, umeamka?

Sijui, mwanangu, ninamwambia, lakini lete nyasi na samadi, popote tulipo mgomba huu una njaa.