Kabati la Adero

Adero alikuwa akikunja mashati ya marehemu mumewe, Romano, wakati Afande Gaster, mkuu wa kambi, alipoinama mlangoni mwa uniporti, ile nyumba ya mabati ya mviringo wanayopewa askari, akamwambia kwamba Ijumaa askari mpya angehamia humo. Alisema kwa upole. Hakuwa mtu wa kelele, na kwenye mazishi ya Romano alilia kuliko baadhi ya ndugu.

"Sawa, afande," Adero akasema. "Na gari?"

Katika kambi ile ya Jinja kulikuwa na desturi ambayo kila mke wa askari aliijua: mume akifa, lori la kambi humpeleka mjane na vyombo vyake hadi anakokwenda. Adero alikuwa anakwenda Mbale, mtaa wa Malukhu, kwa shoga yake Nambozo aliyemtengea chumba. Bila lori asingefika na kitu. Alikuwa amepasuliwa tumbo mwezi uleule wa msiba, mshono ulikuwa bado mbichi, na daktari alimkataza kuinua chochote kizito kuliko birika.

"Gari iko na shida, mama. Gia imekufa," afande akasema. "Wewe omba Mungu."

Adero akaomba. Sala ndefu zilikuwa zimemwishia msibani. Alhamisi mchana alipiga magoti kwa taabu mbele ya kabati la mvule, ambalo wanaume wanne walitoka jasho kuliingiza humo, akalishika mguu na kusema, "Bwana, mimi nimeisha. Nisaidie." Alipolishikilia ili ainuke, kabati likainuka pamoja naye.

Halikuwa na uzito wowote. Alilitoa nje kwa mkono mmoja, akalitua taratibu, akarudi kuchukua kitanda. Kitanda nacho kilikuwa chepesi kama kapu tupu. Mshono haukumuuma. Jirani yake Ritah, mke wa koplo, aliyekuwa akimenya matooke mlangoni pake, alimwona akipita na meza kichwani na gunia la mahindi juu ya meza, akamwambia aangalie asikate kamba ya nguo.

"Yesu amekusikia," Ritah akasema.

"Amesikia. Lakini mimi niliomba gari."

Afande Gaster alikuja kutazama. Alilisukuma kabati kwa bega, lakini halikutikisika. Kisha Adero akalisogeza kwa vidole ili apishe kuku, na afande akavua kofia yake.

"Sasa wewe iko na nguvu namna hii, mama. Gari ya nini?"

"Gari ni haki yangu, afande."

"Haki iko. Lakini Mungu ameshafanya. Mimi nani nishindane na Yeye?" Akasema haleluya, na aliimaanisha.

Adero alikasirika. Alimshukuru Mungu kwa moyo wote, na bado alilitaka lori, wala hakuona kwa nini jambo moja lifute lingine.

Ijumaa alijitwika kabati, juu ya kabati kitanda, juu ya kitanda vilivyobaki. Langoni ilimbidi asimame alipishe lori la kambi, lililokuwa likitoka na matofali ya nyumba ambayo afande alikuwa anaijenga Budondo. Gia zilikuwa zinaingia vizuri tu. Dereva alimpigia honi ya salamu.

Njiani, mjini Iganga, trafiki alimsimamisha, akamwagiza afunge kitambaa chekundu kwa nyuma kwa sababu mzigo ulikuwa umezidi. Usiku alilala makanisani. Kila asubuhi alisali akiwa hoi, na kila alipomaliza kusali kabati lilikubali kubebwa. Alipolitua Malukhu, likarudiwa na uzito wake na kupasua saruji ya sakafu. Nambozo alisema saruji yenyewe ilikuwa mbovu, akampa uji.

Mvua zilipoanza, mume wa Ritah akafa. Ritah alipiga simu akilia.

"Afande amekatalia gari. Anasema nisali kama wewe. Nimesali, Adero. Nimesali mpaka sauti imekwenda, na kitanda bado nzito."

Adero alijiona mkosaji, ingawa hakujua kosa lake ni lipi. Alikata simu akapiga magoti, na safari hii hakuacha nafasi ya kutoeleweka. Aliomba lori. Alitaja magurudumu, alimtaja dereva, alitaja jina la Ritah na namba ya uniporti yake. Aliendelea mpaka uji ukapoa. Alipoinuka, mwili wake wote ulikuwa mwepesi, na miguu ilikuwa na nguvu za kutosha kutembea hadi Jinja, kubeba nyumba nzima na kurudi.

Akajua ameshajibiwa. Alikaa kitandani akalia kwa uchungu, kisha akavaa raba zake, akaenda.