Jumatatu za Mama Ludovika

"Jumatatu simtoi," alisema Chelagat. "Mkimtaka, mchukueni kesho."

Mama Benedikta, mkuu wa konventi, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya kufulia, ameinua kanzu yake kidogo isiguse maji. Hiyo ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo kuja na neno lile lile. Mjumbe kutoka makao makuu ya shirika huko Ulaya angefika Nakuru kwa gari-moshi la saa tano. Keki ilikuwa imeiva. Vikombe vizuri vilikuwa vimetolewa kabatini. Na Mama Ludovika, mwanzilishi wa shirika, ambaye alikuwa anatimiza miaka mia moja tangu afe, na ambaye sherehe yote ilikuwa yake, alikuwa ametumbukiza mikono kwenye karai mpaka viwikoni, anafikicha foronya.

"Chelagat, huyu ni mama wa shirika letu. Si dobi wako."

"Sikumwita mimi, alikuja mwenyewe. Kuna shuka arobaini na mbili za bweni, Mama, na mimi ni mmoja."

"Mwambie avue hiyo aproni, anawe mikono."

"Si yuko hapo? Mwambie wewe."

Mama Benedikta alimtazama mwanzilishi wake. Mwanzilishi hakuinua kichwa.

"Foronya hii ina damu ya pua," alisema. "Ikilala mpaka kesho haitoki tena. Nitakuja nikimaliza."

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Benedikta alikuwa mtu wa akili. Alirudi sebuleni akapanga vikombe upya.

Mama Ludovika alikuwa ameanza kuja mwezi wa Februari. Dalmas, mzee wa lango, alimwandika kitabuni kama alivyoamriwa kumwandika kila mtu siku zile za hali ya hatari: "Mzungu mmoja, mwanamke, mikono mikubwa, marehemu." Alipoulizwa alijuaje kwamba ni marehemu, alijibu kwamba ni magadi. Mwaka ule wa 1955 ziwa lilikuwa limekauka, ndege heroe wamehama, na kila adhuhuri upepo uliinua vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani na kulimwaga juu ya mji mzima, juu ya mabati, juu ya mahindi, ndani ya chai. Aliyepita uani aliacha nyayo, hata kuku. Yule mama alitoka langoni mpaka nyumba ya kufulia na hakuacha hata unyayo mmoja.

"Nimekuwa vitani Burma," alisema Dalmas. "Wafu nawajua. Huyu ana adabu, alinisalimia."

Masista walimlinganisha na picha iliyotundikwa katika chumba cha kulia. Sura ilikuwa ile ile. Mikono ndiyo ilikataa, kwa sababu pichani ilikuwa myembamba, imeshika ua la yungiyungi, na hii ilikuwa mipana, myekundu kwenye vifundo, na kucha zimekatwa mpaka nyamani. Ikaamuliwa kwamba mchoraji ndiye aliyekosea. Padre wa konventi alipewa habari akasema kwamba maadamu mama huyo haombi komunyo, sheria ya Kanisa haina la kusema.

Alikuja Jumatatu tu, siku ya kufua. Wakati mmoja Chelagat alimuuliza siku nyingine huwa wapi.

"Napumzika," alisema. "Si nimekufa?"

Kiswahili alikuwa amekiokota kwa Chelagat, kwa hiyo alikisema kama watu wa Marigat, kwao Chelagat. Faida ya kuja kwake ilionekana mapema. Nguo alizoanika yeye hazikushika magadi. Upepo ulikuja, vumbi likatua kwenye kamba ya Chelagat, shuka zikabadilika rangi zikarudi majini, na kamba ya Mama Ludovika ikabaki safi kama maziwa. Baada ya wiki mbili Chelagat alikuwa anafikicha na marehemu anaanika, na kazi iliisha saa kumi badala ya magharibi. Hakuna aliyelalamika. Mtu anayefua nguo za watu sitini hachagui msaada unatoka upande gani wa kaburi.

Chelagat hakuwa amekuja konventi kufua. Alikuwa amekuja mwaka wa arobaini na nane, akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya sista mmoja kumfunga mama yake kidonda cha mguu kila siku kwa miezi miwili bila kuziba pua. Alitaka kuwa mtu wa namna hiyo. Akaambiwa aanze na nguo. Kila mwaka aliomba kupokewa, na kila mwaka jibu lilirudi lile lile kutoka ng'ambo: alete cheti cha ndoa ya wazazi wake, ya kanisani. Baba yake, mzee Kimaiyo, alikuwa ameoa kwa ng'ombe, mbele ya watu wa mlima mzima, kabla padre wa kwanza hajakanyaga kule. Alibatizwa akiwa na wajukuu. Cheti angekitoa wapi? Katika miaka hiyo saba wasichana watano walifika kutoka Ulaya, wakavaa shela, wakamletea Chelagat shela zao azitie buluu zing'ae.

Jikoni alikuwako Nanyama wa Kimilili, ambaye alikuwa akingoja mwaka wa nne kwa sababu hiyo hiyo.

"Mimi nikifika mbinguni," Nanyama alikuwa akisema, "malaika ataniangalia aniambie, mama, jiko liko nyuma."

Mama Benedikta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaandika kitabu. Makao makuu yalikuwa yamemwagiza aandike maisha ya mwanzilishi kwa ajili ya jubilei, na kila Jumatatu alasiri alishuka na daftari kuhakikisha mambo.

"Hapa nimeandika," alisoma siku moja, "kwamba ukiwa kijana, ulipokuwa unasali, uliona nuru kubwa, ukatambua kwamba Mungu anakuita kuanzisha shirika."

"Sikuwa nasali. Nilikuwa nafua."

"Lakini nuru uliiona?"

"Niliona moto, ule wa chini ya pipa la kuchemshia nguo. Nilikuwa nimewafulia masista wa mji wetu miaka kumi na mmoja, wakaniambia tena kwamba siwezi kuwa sista kwa sababu sina baba. Nikauzima ule moto. Nikatoka. Wanawake wawili walinifuata. Ndiyo shirika lenyewe."

Mama Benedikta alifikiri kidogo, kalamu juu ya karatasi.

"Nitaweka nuru," alisema. "Wasomaji wamezoea nuru."

"Weka unachotaka. Nisogezee hilo debe."

Jumatatu iliyofuata, wakiwa wanakamua shuka, mmoja huku na mmoja kule, Mama Ludovika alimuuliza Chelagat aliweka nadhiri mwaka gani.

"Mimi si sista, Mama."

"Wewe umefua nguo zote za nyumba hii peke yako, toka alfajiri mpaka jioni?"

"Kila Jumatatu, kwa miaka saba."

"Basi wewe ni sista. Hiyo ndiyo kanuni, niliiandika mimi. Msichana akifua nguo za nyumba nzima siku moja bila kusaidiwa na bila kumtukana mtu, amepokewa."

"Kutukana, nimetukana mara mbili tatu."

"Kwa sauti?"

"Kwa Kitugen."

"Hiyo haihesabiki."

Desturi yenyewe ya kufua shirika lilikuwa bado linaikumbuka. Msichana wa Kizungu alipopewa shela, aliletewa beseni la fedha lenye maji ya vuguvugu, akafua leso moja, masista wakiimba, na mama yake, kama alikuwepo, akilia.

"Na hiyo leso," alisema Chelagat, "mimi huifua tena kesho yake. Huwa haitakati."

Kwa hiyo siku ya mjumbe, Chelagat alijua Mama Ludovika anakwenda kusema nini sebuleni. Alikuwa hajalala vizuri. Shuka ya mwisho ilipopanda kambani, alifuta mikono, akafunga kitambaa chake upya, na wote wawili wakapita jikoni. Nanyama aliacha sufuria akawafuata mpaka mlango wa sebule, mwiko mkononi.

Mjumbe alikuwa sista mrefu mwenye miwani, mpole, amechoka na safari. Alipiga goti, akaubusu mkono wa mwanzilishi, akaukuta una maji, akajipangusa mdomo kwa leso. Mama Ludovika hakukaa. Alieleza habari ya Chelagat kwa lugha yao, kwa maneno machache, na Mama Benedikta akamfasiria Chelagat kwa sauti ya chini. Ni haki kumsifu kwa hilo. Hakuacha neno.

Mjumbe alitoa Katiba ya shirika kwenye mkoba, chapa ya tisa. Akasoma kwamba siku ya kufua ilibadilishwa mwaka wa 1889 kuwa leso moja, kwa sababu za afya. Akasoma kwamba cheti cha ndoa ya wazazi kiliongezwa mwaka wa 1902.

"Sikuandika hicho," alisema Mama Ludovika.

"Hapana, Mama. Ulikuwa umefariki."

"Sasa niko hapa. Kifuteni."

Mjumbe alifungua ukurasa mwingine. Kifungu cha sitini na moja kilisema kwamba masista marehemu wanaombewa kila Ijumaa. Hakikusema kwamba wanapiga kura.

"Basi nipokee upya," alisema Mama Ludovika. "Niandike kama msichana anayeomba."

Fomu ilikuwepo. Mjumbe hakutaka kumvunjia heshima, akaijaza kwa mwandiko mzuri: jina, mahali pa kuzaliwa, kazi. Kazi, dobi. Alipofika kwenye jina la baba, alisimamisha kalamu.

"Hajulikani," alisema Mama Ludovika.

"Cheti cha ndoa ya wazazi?"

"Nimekwambia baba hajulikani."

Mjumbe alikisoma kifungu kile mara ya pili, kuhakikisha. Halafu akafunga kalamu yake. Alisema kwa masikitiko, na kweli alisikitika, kwamba shirika haliwezi kumpokea mwombaji huyu, lakini linamwomba akubali kukaa mezani kama mgeni wa heshima, chini ya picha yake.

Saa ya ukutani iligonga tisa. Vumbi la magadi lilikuwa linapita dirishani kama unga wa kinu. Mama Benedikta alimgeukia Chelagat na kumwambia kwa upole, maana alikuwa amemhurumia, kwamba avumilie, ataandika tena mwakani. Halafu, kwa kuwa lilikuwa jambo la lazima na hakuna mwingine wa kumwambia, akaongeza kwamba nguo za safari za mjumbe zimo kwenye kasha la ukumbini, zimejaa vumbi, na zinahitajika jioni.

Chelagat aliitazama fomu iliyokuwa mezani. Wino ulikuwa haujakauka.

"Mama Ludovika," alisema, "ule moto wako. Uliuzima kwa maji gani?"

"Ya kusuuzia. Ya sabuni yanatoa harufu."

"Sawa."

Alitoka, akashuka ngazi, akaingia nyumba ya kufulia, akachota maji ya kusuuzia kwa debe, akayamwaga chini ya pipa. Moto ulipiga kelele kidogo ukafa. Akamwaga debe la pili, kwa sababu moto wa mti wa mwakisia ni mjanja, huamka. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kasha la mjumbe lililokuwa tayari limeshushwa ukumbini, na akarudi kuchukua karai, ambalo lilikuwa lake, alikuja nalo kutoka kwao.

"Unaenda wapi?" aliuliza Nanyama.

"Rongai. Kwa shangazi kuna mto, na wagonjwa hawana wa kuwafulia."

"Huko wanakula?"

"Wanakula wanachopika."

Nanyama alitazama nyuma, jikoni, ambako mchuzi wa jubilei ulikuwa unaanza kushika chini. "Basi watahitaji mpishi," alisema, akauchomeka mwiko kwenye mshipi wake.

Mama Ludovika, aliyekuwa amemfuata Chelagat kutoka sebuleni, alishika karai upande mmoja, Chelagat upande wa pili. Walipita chini ya dirisha la sebule. Mama Benedikta alikuwa ameona kwamba bomba la nyumba ya kufulia limeacha kutoa moshi, na kwa vile Jumatatu nyingine ilikuwa siku saba tu mbele, alikuwa amekwisha kukaa mezani anamwandikia padre wa parokia. Alimwomba amtafutie msichana mwenye afya na mikono ya nguvu, mwenye nia ya utawa. Aliyaandika hayo kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yake, kwa hiyo walisikia na mstari wa mwisho: kwa kuanzia, cheti hakihitajiki.

Langoni Dalmas alitoka kibandani na kitabu.

"Mnatoka mwanamke mmoja au wawili au watatu?" aliuliza. "Huyu mama sijui nimhesabu vipi."

"Mhesabu," alisema Chelagat.

"Na niandike ni nani? Nikiandika vibaya askari ataniuliza mimi."

"Andika unachokiona, mzee."

Dalmas alilamba ncha ya penseli. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa, huku akitamka: "Saa tisa na nusu. Masista watatu, mmoja marehemu. Karai moja." Halafu akaondoa komeo, na kwa kuwa karai lilikuwa pana na mlango mdogo ungewasumbua, akawafungulia lango lote.