Koo la Mwalimu Kalinga

Mwalimu Kalinga hakuumbwa kunyamaza. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifundisha kwaya ya usharika wa Kilutheri pale Mlandege, Iringa, na kwaya ile haikuwa na kinanda. Kinanda kilikuwa koo lake. Alisimama mbele, akafumba macho, akatoa do, kisha akaligawia kila kundi noti yake, na ole wake atakayeipoteza kabla wimbo haujaanza.

Mkewe Damari aliolewa na koo hilo, na wala haoni aibu kusema. Alikuwa msichana wa Ruaha Mbuyuni, yuko shambani kwa baba yake anavuna vitunguu, lori la kwaya lilipoharibika kando ya barabara kuu. Vijana wa kwaya, badala ya kununa, walishuka wakaimba. Damari akasikia besi moja ikipita chini ya sauti zote, akaacha vitunguu juani, akaenda kumtafuta mwenye nayo. "Nilidhani nitakuta jitu," husimulia huku akicheka. "Kumbe kijana mwembamba, masikio tu!"

Sauti hiyo ndiyo iliyoanza kukwaruza. Walisingizia vumbi, wakasingizia mafua; tangawizi ikachemshwa, asali ikanunuliwa. Mwishowe daktari wa Iringa akachungulia kooni, akachukua kinyama kidogo kikapimwa. Saratani, kwenye nyuzi za sauti, bado changa. Njia zilikuwa mbili: kukata na kuondoa kisanduku cha sauti, au kutibu kwa mionzi.

Damari alimkumbuka Nashoni. Huyo alikuwa mwimbaji wao wa besi, akapata ugonjwa huohuo zamani, wakati mgonjwa wa nyanda hizi akiambiwa mionzi basi safari ni ya Dar es Salaam, tena kwa foleni. Nashoni alingoja zamu yake mpaka ugonjwa ukamtangulia, akakatwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, Mungu ashukuriwe. Kila siku ya mazoezi alikuja akakaa mahali pake palepale, akawa anafungua na kufumba mdomo pamoja na wenzake, bila sauti. Wenzake walitazama vitabu vyao vya nyimbo.

"Siku hizi mashine ipo Mbeya," daktari aliwaambia. "Na ninyi mmewahi. Msichelewe."

Walipanga chumba Ilomba, hukohuko Mbeya, kwa mama mmoja wa Kinyakyusa aitwaye Tumpe. Jumatatu hadi Ijumaa Kalinga alilala chini ya mashine, amevalishwa barakoa ngumu ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wake mwenyewe ili asitikisike. Alipokonda barakoa ikaanza kulegea, na wale wataalamu wakakataa kuendelea mpaka wamtengenezee nyingine. Damari alishangaa. Maisha yake yote, kila alikokwenda kuhudumiwa, alikuwa amezoea kuambiwa hiyohiyo itafaa.

Sharti moja lilikuwa gumu kuliko mashine: anyamaze. Hata kunong'ona alikatazwa. Koo lilimwuma, shingo ikawa nyeusi, uji ukapita kwa shida, na chumba kikawa na kimya ambacho Damari hakuwahi kukiona katika ndoa yao. Humo ndimo alimomkumbuka mume wake aliyeketi mbele yake. Alikumbuka alivyowaamsha watoto kwa do re mi, alivyoimba akinyoa ndevu mpaka akajikata, alivyobishana na redio wakati wa taarifa ya habari. Midomo yake iliomba uhai wa Kalinga, lakini moyo uliomba sauti, na jambo hilo alilionea haya mbele za Mungu.

Wiki ya nne kwaya nzima ikaja kwa basi dogo la Kosta, na mahindi mabichi, na kuku wawili.

"Kamwene!" walipaza salamu ya kwao tangu getini.

"Ndaga fijo kwa kuja," Tumpe akawashukuru kwa Kinyakyusa, akatandika mikeka uani.

Wakasimama kumwimbia mgonjwa. Anord, aliyeachiwa kwaya, akatoa do. Aliitoa juu mno! Kina mama wa sauti ya kwanza wakapanda mpaka mishipa ikawasimama. Kalinga akashusha mkono: chini! Anord akaelewa kwamba waimbe kwa sauti ndogo. Wakapunguza, lakini kulekule juu. Kalinga akashusha mikono yote miwili, nao wakapunguza zaidi, hadi kwaya nzima ikawa inanong'ona kama wezi. Mwalimu akafura, akafungua mdomo.

Damari akaruka akamziba kwa kiganja. "Thubutu!" alisema. Halafu, yeye ambaye hajawahi kuongoza hata wimbo wa kufungia kikao, akatoa do yenyewe, ile ya mumewe, mahali pake hasa.

"Twende hapo," Anord akasema kwa unyenyekevu. Kalinga aliimba kwa macho tu, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mionzi ikaisha, wakarudi Mlandege. Vipimo vikaonyesha koo safi. Ila sauti haikurudi. Kulikuwa na pumzi yenye mkwaruzo, na daktari akisema wazipe nyuzi muda. Miezi ikapita. Damari aliacha kuuliza, akaanza kujizoeza kushukuru kwa kile alichobakiziwa, na kujizoeza huko kulimchosha.

Mchana mmoja alikuwa jikoni anachambua maharage, aliposikia kutoka bustanini:

"Damari! Nani ameacha banda wazi? Kuku wamemaliza mchicha wote! Wote!"

Jirani yao Rozalia alikuja mbio, akidhani wazee wanagombana. "Jamani, shikamooni. Kuna nini tena?"

Damari alikuwa amesimama mlangoni, maharage yamemwagika miguuni. Haikuwa sauti ya zamani. Ilikuwa na kutu, na chini kabisa haikufika. Lakini ilikuwa imetoka tumboni, ikavuka ua, ikamwita jina lake.

Kalinga alipoona mkewe analia aliingiwa na hofu, akashusha sauti. "Sasa unalia nini, mama? Mchicha tu huu. Tutapanda mwingine."

"Usinyamaze," Damari akamwambia. "Gomba, Mwalimu. Gomba tena."